Wikendi ya Kifilipino Dubai: jinsi ya kupanga matembezi yasibaki kuwa mchoro

Kwa miaka mitatu nimelala chumba kimoja na Wafilipino wanne, Al Rigga, Deira: vitanda vya dabo deka, dirisha moja, friji moja iliyogawanywa kwa rafu. Mimi mtoto wa Mombasa. Wao, mmoja wa Batangas, mmoja wa Iloilo, mmoja wa Cebu, na wa nne ni Muislamu wa Marawi. Mwanzoni nilidhani wanatoka mara kwa mara kwa sababu wanalipwa vizuri. Siku tulipotajiana mishahara nikakuta tumepishana dirham mia mbili tu, tena aliyezidi ni mimi. Wakati huohuo kundi letu la Wakenya kwenye WhatsApp lilikuwa limejaa "twendeni Hatta", "twendeni Abu Dhabi", na mwaka ukaisha hatujavuka hata hori la Deira kwa boti ya dirham moja.

Wafilipino wana jina la mpango wa aina hiyo: "drawing". Umechorwa, umependeza, basi. Matembezi yenyewe huyaita gala, na kundi la marafiki wanaotembea pamoja ni barkada. Kazi kubwa ya barkada ni kuzuia gala isigeuke mchoro, na wana mbinu zao. Nimeziandika hapa kama nilivyozikuta, kwa yeyote aliye Ghuba na siku moja tu ya mapumziko, awe anaishi na Wafilipino au anataka kuwaiga.

Hatua ya 1: Tafuta siku kwanza, mahali baadaye

Sisi huanza na mahali. Mtu anaona picha ya bwawa la Hatta, anairusha kwenye kundi, watu arobaini wanaweka moyo, kisha kimya. Wao huanza na ratiba za zamu.

Tangu Januari 2022 wikendi ya Imarati ni Jumamosi na Jumapili, na ofisi za serikali hufunga Ijumaa mchana. Sharjah wao hupumzika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Lakini hayo ni ya watu wa ofisini. Anayeuza duka la mall, anayetandika vitanda hotelini, anayefanya kazi saluni au mgahawani, wikendi yake huwa Jumanne au Jumatano, kadiri ratiba ilivyoanguka. Sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamhakikishia siku moja ya mapumziko kwa wiki, haisemi ipi. Mfanyakazi wa nyumbani naye, kwa sheria ya mwaka 2022, ana haki ya siku moja yenye malipo kila wiki, na akifanyishwa kazi siku hiyo alipwe au apewe siku nyingine. Taja hili kwenye kundi mapema, kwa sababu wapo wanaodhani ofu ni hisani ya mama mwenye nyumba.

Kwetu, mkubwa wa chumba, ambaye sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa, hudai picha ya ratiba ya kila mtu mwisho wa mwezi. Anazipanga kwenye karatasi, anazungushia tarehe yenye ofu nyingi zaidi, na hiyo ndiyo siku. Haombi maoni. Watu sita kati ya wanane wakipatikana, gala imesimama. Wawili waliobaki watapata ijayo. Mkisubiri ofu za wote wanane ziangukie siku moja mtazeekea Ghuba.

Kisha angalia tarehe ya mshahara. Kwao Ufilipino wengi hulipwa mara mbili kwa mwezi, tarehe 15 na 30, na zile siku za kuelekea malipo, mfuko ukiwa unalia, wana jina lake: petsa de peligro, tarehe ya hatari. Huku Ghuba mshahara ni mmoja kwa mwezi, kwa hiyo tarehe ya hatari huwa ndefu kama Ramadhani. Gala haiwekwi humo. Utaratibu ni sahod, padala, gala: mshahara, kutuma nyumbani, halafu kutoka. Msipange kutoka siku mshahara unapoingia. Siku hiyo kila mtu yuko kwenye foleni ya duka la kutuma pesa, na moyo wake uko Iloilo au Kisauni.

Na saa. Hapa niliwahi kuaibika. Mara ya kwanza kukabidhiwa kutangaza gala niliandika "Union, 2". Kichwani mwangu ilikuwa saa mbili asubuhi, saa ya mtu aliyeamka na kunywa chai. Nikasimama kituo cha Union na mkeka wangu kwapani, watu wanapita, simu hazipokelewi. Wao walikuwa wamelala usingizi mnono, wakijua miadi ni saa nane mchana. Wafilipino husoma saa kwa hesabu za Kihispania: alas otso ndiyo saa mbili yetu ya asubuhi, alas dos ni saa nane mchana. Tangu siku hiyo naandika "8:00 AM" kwa tarakimu, kama tangazo la ndege. Ongeza na hili: wao wenyewe hucheka kuhusu "saa ya Kifilipino", yaani kuchelewa. Mnayemjua ni mzito, mwambieni saa nzima kabla. Ate huniambia mimi nusu saa kabla, jambo ambalo nimeligundua majuzi.

Hatua ya 2: Kusanya ambag, halafu ndipo utangaze

Ambag ni mchango. Hii ndiyo nguzo yenyewe, na hapa ndipo kundi letu la Wakenya lilikuwa likivunjika. Sisi tulikuwa tunapanga, tunafika, kisha tunaanza kuulizana nani alilipa maji. Kwao asiyetoa ambag siku tatu kabla hahesabiwi, hata awe amenunua miwani ya jua. Hakuna ugomvi, jina halimo tu kwenye orodha.

Kiasi kiwe kidogo hadi mwenye mshahara mdogo kuliko wote akitoe bila kukuna kichwa. Si wastani wa kundi. Yule wa chini kabisa. Kama kuna dada wa kazi za nyumbani kundini, ambag inapimwa kwa mshahara wake.

Mshika pesa awe mmoja, na asiwe mnunuzi. Wengi wao wamezoea paluwagan, ambayo ni upatu wetu ule ule wa kupokezana kitita, kwa hiyo kumwamini mtu na pesa ya wenzake si jambo geni kwao. Lakini risiti lazima zipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi. Hivi ndivyo zilivyokwenda pesa za gala yetu ya mwisho, watu wanane, dirham 30 kila mmoja, jumla 240:

Kuku wa kuchoma, 60
Samaki, sato, 45
Mchele, 15
Tambi za pancit na mboga zake, 25
Nyama ya kusaga na manda za lumpia (sambusa zao za vijiti), 35
Maji, soda na barafu, 30
Mkaa, karatasi ya foili, sahani na mifuko ya taka, 20

Jumla 230. Zikabaki 10, nitazirudia.

Nauli na kiingilio haviingii kwenye ambag. Hivyo ni KKB, kanya-kanyang bayad, kila mtu na lake, kwa sababu vyote hukatwa kwenye kadi ya Nol, ile ya nauli za metro na basi, ya mtu mwenyewe. Neno jingine la kulijua ni libre, yaani nalipa mimi. Tahadhari nalo. Kwa mila yao mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayewalisha wenzake, hapewi keki akakaa. Mimi nilitangaza yangu kwa mbwembwe nikitarajia zawadi, wakaja kumi na mmoja na njaa zao. Angalau nilijifunza kwamba pancit ya siku ya kuzaliwa haikatwi, maana urefu wa tambi ni urefu wa umri.

Jambo moja la kisheria, na linatuhusu sana sisi watu wa harambee. Kuchanga kati ya marafiki ili mle pamoja ni shughuli yenu. Kuwachangisha watu kwa ajili ya mgonjwa au msiba kwa kutangaza mitandaoni, bila kupitia taasisi yenye kibali, ni kosa Imarati, hata nia ikiwa safi. Mtu akitaka kupitisha kofia wakati wa gala, mkae chonjo.

Hatua ya 3: Chagua mahali kwa msimu na kwa kadi ya Nol

Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, nje kunakalika. Kuanzia Juni hadi Septemba hakukaliki: hata sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita u nusu na saa tisa mchana, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Kama mjenzi aliyezoea jua anaambiwa apumzike, wewe na sufuria lako la wali mnakwenda wapi?

Msimu wa baridi tunavyokwenda sisi ni hivi.

Bustani ya ufukweni ya Al Mamzar ndiyo kipenzi chetu sisi wa Deira. Kiingilio dirham 5, bahari ipo, miti ipo, na pana sehemu zilizotengwa za kuchomea nyama. Creek Park na Zabeel Park nazo ni dirham 5. Ya Zabeel iko jirani na kituo cha metro cha Max, kile ambacho wazee wa mji bado wanakiita Al Jafiliya. Humo ndimo ilimosimama Dubai Frame, mita 150 kwenda juu. Kuipanda ni dirham 50, ndiyo maana mimi naijua kwa chini tu, na picha hutoka nzuri zaidi ukiwa chini. Baadhi ya bustani na fukwe zina siku za wanawake na watoto peke yao, hivyo kama mna wanaume kundini ulizeni kabla ya kununua mkaa. Ufukwe wa Kite Beach ni bure, lakini kuchoma nyama huko sahauni.

Kwa safari ndefu kidogo: Abu Dhabi kuna basi la E101 kutoka Ibn Battuta na E100 kutoka Al Ghubaiba, dirham 25 kwenda. Msikiti wa Sheikh Zayed hauna kiingilio, ila mnajiandikisha kwanza mtandaoni na wanawake wanafunika nywele na mwili hadi vifundoni. Wenzangu Wakatoliki huenda na leso zangu. Hatta kuna basi la H02 kutoka Dubai Mall, nalo dirham 25. Hesabu muda wa kurudi kabla ya kupanda: mabasi hayo hayapiti kila dakika kumi kama matatu za Likoni.

Wakati wa joto, hamieni ndani au usiku. Mall ni bure, na tangi la samaki la Dubai Mall linaonekana ukiwa umesimama nje, bila tiketi. Jioni vukeni hori kwa abra, dirham 1, mshuke upande wa Bur Dubai, mtembee hadi mitaa ya kale ya Al Fahidi na Shindagha, mrudi tena kwa dirham 1. Au nendeni Satwa na Karama, ambako vibanda na migahawa ya Kifilipino imejipanga, mkanunue halo-halo: barafu iliyokwanguliwa, maharage matamu, maziwa, na aiskrimu ya zambarau ya kiazi cha ube. Bakuli moja linatosha wawili.

Na mahali si lazima pawe mahali. Ate alifanya kazi Hong Kong kabla ya kuja huku. Kule wafanyakazi wa nyumbani wanalazimika kulala kwa waajiri wao, hawana chumba cha kupanga kama hiki chetu cha vitanda vya ngazi, kwa hiyo Jumapili wote humwagika mtaani. Barabara ya Chater, katikati ya mabenki ya wilaya ya Central, hufungwa magari, na wao hutandika maboksi ya karatasi barabarani, wengine chini ya jengo la HSBC, wakawa na sebule. Wanasukana, wanacheza karata, wanafunga maboksi makubwa ya zawadi za kupeleka kwao, wanakula. Ate anasema boksi lake lilikuwa na mahali pake pale pale kwa miaka sita, na ukikosekana Jumapili mbili watu huanza kuulizia. Nilipomuuliza kwa nini basi huku anahangaika na bustani za kiingilio, akanijibu kwamba huku ukitandika boksi barabarani utaondolewa na polisi.

Hatua ya 4: Gawa chakula kwa majina

"Kila mtu alete kitu" ndiyo njia ya kupata chupa nane za soda. Chakula kinagawiwa kwa majina: fulani wali, fulani lumpia, fulani kuku. Anayejua kupika anapika. Asiyejua anabeba barafu. Mimi nimepewa lumpia, kwa sababu mkono uliokunja sambusa tangu utotoni haukosei. Manda ni nyembamba zaidi na zinakunjwa kama vijiti, nyama ndani ikiwa mbichi, na kufungia ni maji au ute wa yai. Usiku wa kuamkia gala sote watano tunakaa sakafuni kuzunguka sinia, vijiti mia na kitu, umbea wa zamu nzima. Nikisema ukweli, huo usiku naupenda kuliko siku yenyewe.

Nyama ya nguruwe isemwe mapema. Wafilipino wengi wanaipenda, na Dubai inauzwa katika vyumba vya pembeni vya baadhi ya supamaketi. Kundi letu lina Waislamu wawili, mimi na yule wa Marawi, na kanuni ilipitishwa siku ya kwanza: kwenye gala hakuna. Kama kundi lako litaamua iwepo, iwe na jiko lake, koleo lake na chombo chake, si kusukumwa pembeni ya wavu huohuo. Sentensi ya kukariri ni "May baboy ba?", kuna nguruwe? Ukiambiwa "wala", hamna, kula. Usione haya kuuliza. Wao hawachukii, ila wanahuzunika sana wakijua baadaye kwamba ulikaa na njaa kimya kimya.

Suka, yaani siki yenye kitunguu saumu na pilipili, usisahau. Nyama choma bila sawsawan, kitoweleo cha kuchovyea, kwao ni kama pilau bila kachumbari.

Hatua ya 5: Njiani

Kadi ya Nol ya fedha inanunuliwa dirham 25, ndani mna 19 za kusafiria. Nauli ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, 7.50 zaidi ya hapo. Kila mtu aweke salio la kwenda na kurudi kabla ya siku, maana foleni ya mashine asubuhi ya wikendi ndiyo huanza kulivunja kundi. Jumapili metro huanza saa mbili asubuhi. Siku nyingine alfajiri.

Kula na kunywa ndani ya metro ni faini ya dirham 100. Lumpia zina harufu, na watu hujisahau. Mimi hufunga sufuria kwa leso, fundo mbili juu, nikiwa na hakika kwamba asiye wa pwani hataweza kulifungua kimya kimya. Behewa la wanawake na watoto lina faini hiyohiyo kwa mwanamume atakayeingia, basi mkiwa na akina kuya, yaani kaka wakubwa, kundini kubalianeni mapema mnapanda behewa gani na mnashuka wapi.

Kila mtu awe na kitambulisho chake cha Emirates. Anayetaka kukodi gari awe na leseni ya Imarati. Leseni ya Nairobi au Manila haiendeshi gari la mkazi. Na yule jamaa anayejipitisha na gari lake binafsi akiwaita kwa nauli ya chini, mwacheni apite.

Hatua ya 6: Mkishafika

Mmoja atangulie kushika kivuli. Alhamisi na Jumanne ni rahisi. Jumapili ya Januari, saa nne asubuhi pameshajaa familia.

Waite watu inavyopasa. Mwanamke aliyekuzidi ni Ate, tamka a-te kama vile "ate mkono" ya kwetu Mombasa, yaani aache mkono, na mwanamume ni Kuya. Asiyekuwa wa rika lako usimwite jina tupu. Sisi watu wa shikamoo hili halitupi taabu. Kuna mengine pia yatakayokufanya ujihisi uko nyumbani: meza wanaiita mesa, na asante ni salamat.

Kula ni kamayan, kwa mikono. Wanatandaza majani ya mgomba, au foili yakikosekana, wanamwaga mstari mrefu wa wali katikati, kuku na samaki na mboga juu yake, watu wanasimama pande mbili. Mpangilio huu wanauita pia boodle fight, jina la jeshini. Mtu wa pwani hahitaji somo: nawa, kula cha mbele yako, usichimbe upande wa jirani. Tofauti moja tu, wao wanakula wamesimama na kwa kasi, hakuna anayesubiri mkubwa aanze. Mara ya kwanza nilisubiri "karibuni" na kuku akaisha.

Baada ya chakula ni kuimba. Kila barkada ina maikrofoni ya karaoke yenye spika ndani, na hakuna anayeruhusiwa kusema hajui. Sauti iwe ya kutosha mkeka wenu. Ikifika kwa majirani mlinzi atakuja. Pombe hadharani ni kosa Dubai, na Sharjah, ambayo iko hatua chache tu kutoka Mamzar, hairuhusiwi kabisa. Wakati wa Ramadhani gala yote inahamia baada ya magharibi. Na Desemba msipange jioni za wiki ile kabla ya Krismasi: Wakatoliki wana Simbang Gabi, ibada tisa za mfululizo, na kanisa la St. Mary's la Oud Metha hufurika hadi uani.

Picha sasa. Zitapigwa nyingi kuliko unavyodhani, na kila moja itarudiwa. Angalieni nyuma yenu: kumpiga mtu picha bila ridhaa yake na kuisambaza ni kosa la jinai hapa, na ufukwe umejaa familia za watu. Lakini kuna hatari ya pili ambayo haimo kwenye sheria. Watu wa nyumbani wakikuona umesimama mbele ya bahari na majumba, hawaoni chumba cha vitanda vya ngazi. Wanaona kwamba zipo. Jioni hiyohiyo simu inalia: paa linavuja, karo imebaki, shangazi anaumwa. Wa Iloilo amepigiwa hivyo, na mimi nimepigiwa hivyo. Kanuni ya chumba chetu ni picha za gala zisipandishwe kabla padala haijafika. Na ile ya kwanza kupandishwa iwe ya chakula, sio ya bahari.

Hatua ya 7: Kurudi

Aliye na saa ya kurudi kwa mwajiri ndiye anayeamua mwisho wa gala, si mwenye sauti kubwa. Kama dada mmoja lazima awe mlangoni saa mbili usiku, kundi zima linafungasha saa kumi na mbili, na mmoja anamsindikiza hadi karibu na nyumba. Akichelewa mara moja huenda asitoke mwezi mzima.

Taka zinakusanywa na kila mtu, mkaa unazimwa kwa maji hadi uache kufuka. Chakula kilichobaki kinagawanywa, na anayefunga cha kubeba wanamtania "Sharon": ni utani uliotokana na mwimbaji wao mashuhuri Sharon Cuneta, ambaye katika wimbo wake mmoja anaomba afunikwe na kufungwa. Usione aibu kuwa Sharon. Gawa kwa kuanza na wale walioko zamu, wale wawili ambao ratiba iliwanyima. Ukifika chumbani unakuta wamekusubiri, hawajala.

Kisha hesabu. Kabla ya kulala mshika pesa anaweka picha za risiti kwenye kundi na kuandika kilichobaki. Zile dirham 10 zetu hazikugawanywa, maana dirham moja na robo kwa kila mtu ni kelele tu. Ziliingia kwenye bahasha iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati la Ate, na juu yake akaandika tarehe ya gala ijayo palepale, Jumanne, kabla hatujavua viatu. Mimi nimeshalipa ambag. Wa Cebu bado.